Mayai 600 na Gari Jeupe la Jangwani

PEMBENI MWA BARABARA
Na Bin Msimbazi

Jumatano asubuhi, saa moja kasorobo, mayai yalimwagika Jangwani, hapa Dar es Salaam. Naandika leo hasira bado hazijanitoka, kwa hiyo nianze na lililo moyoni: anayeegesha gari juu ya njia ya baiskeli ni mwizi. Neno laini zaidi ya hilo nimelitafuta wiki nzima, sijalipata.

Nilikuwa natoka Magomeni Mapipa na Bi Mkubwa, baiskeli yangu, tunateremka bondeni taratibu kama mnavyotujua. Mbele yetu alikuwa muuza mayai, mtu wa makamo, juu ya Phoenix nyeusi ambayo keria yake imeongezwa kwa nondo. Nyuma amepanga trei 20 na kuzifunga kwa mipira ya tyubu iliyochanwa, mkanda juu ya mkanda. Trei moja mayai 30. Aliyebeba mayai 600 haendeshi kama mimi na wewe. Mgongo umenyooka, breki anaibembeleza, na shimo lililo mbali ameshalikwepa kwa macho kabla tairi halijalifikia. Nilikaa nyuma yake, kengele sikuigusa, maana hata kumshtua ilikuwa hatari.

Tukamaliza bonde, tukaanza kupandisha kuelekea kituo cha Fire. Hapo ndipo lilipokuwa gari jeupe. Lilikuwa juu ya njia ya baiskeli, matairi yote manne, taa za dharura zikiwaka na kuzimika kana kwamba taa hizo ni kibali. Dereva alikuwa ndani, vioo vimefungwa, anaperuzi simu. Kushoto kwake waenda kwa miguu wamejaa. Kulia kwake ni magari.

Kwenye mlima, mwenye mzigo hasimami. Akisimama, uzito wa nyuma unamvuta na gurudumu la mbele linanyanyuka. Muuza mayai hakuwa na la kuchagua, akaingia barabarani. Bodaboda iliyokuwa inapita kasi ilimkosa yeye, haikuukosa mzigo. Kioo chake kilishika kona ya trei za katikati, zikateleza, na za juu zikafuata.

Mayai mengi yakipasuka kwa pamoja hayatoi kishindo. Ni mlio mdogo tu, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Nilidhani yaliyopasuka ni machache mpaka nilipoona lami imekuwa ya njano.

Kioo cha gari jeupe kikashuka. Nikajua sasa tutasikia pole. Dereva, kijana ambaye umri wake ni wa mwanangu wa tatu, akasema: “Mzee, mjini hapa baiskeli ya nini? Si upande gari kama wenzako?” Kioo kikapanda.

Mimi nilijibu kwa sauti ambayo nisingependa wajukuu wangu waisikie. Muuza mayai hakujibu kitu. Alikuwa amechuchumaa, anahesabu kwa midomo. Mama lishe mmoja alivuka na sufuria, akaanza kukinga yaliyopasuka yakiwa bado yamekaa ndani ya trei, akamwambia, “Haya nitakulipa, kaka, nitakaangia chapati.” Mungu ambariki mama yule. Trei tisa zilikuwa zimekwisha. Nilipomuuliza kama mayai ni ya kwake, alisema, “Ya watu, baba. Nimechukua Goba kwa mali kauli.”

Mali kauli! Wanaokulia Kariakoo wanaelewa uzito wa maneno hayo mawili. Mfugaji anakupa mzigo kwa mdomo tu, ukiuza unarudisha chake. Ukivunja, unarudi Goba na nini?

Sasa msomaji wangu mmoja wa Sinza, mwenye helmeti ya njano, aliniuliza mwezi uliopita kama Dar es Salaam kuna njia yenye milima na mabonde kwa mtu anayependa baiskeli, au mpaka aende Lushoto. Nilikuwa nimeweka jibu lake pembeni. Alichukue leo. Njia ni ile aliyopita muuza mayai. Anzia Goba, ambako ni kilima na bonde, kilima na bonde, mpaka unatokea Mbezi kwenye Barabara ya Morogoro. Kutoka Mbezi shika njia ya mjini. Ukishaipita Kimara unakuja mteremko: Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo. Abiria wa mabasi ya mwendokasi anayajua majina hayo kama vituo. Mwenye baiskeli anayajua kwa mapaja, hasa jioni anaporudi. Baada ya Ubungo mambo yanatulia, Manzese unapita katikati ya mitumba, Magomeni unanusa mihogo ya kukaanga, kisha ardhi inazama ghafla na unaliona bonde la Msimbazi. Unashuka upepo ukikupiga kifuani, unapanda Fire, unakata kulia na Mtaa wa Msimbazi, na Kariakoo inakupokea kwa kelele zake zote. Siijui njia nyingine mjini hapa inayokuonyesha mji wote ulivyojipanga, wa juu vilimani na wa chini bondeni, ndani ya asubuhi moja.

Kama anataka ngumu zaidi, apande Pugu mpaka Kisarawe. Vilima hivyo ndivyo vinavyouzaa mto Msimbazi, huu huu unaokuja kufurika Jangwani na kufunga barabara kila masika. Pugu ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955, na safari zake za kuja kwenye mikutano ya Kariakoo ndizo zilizotupatia TANU Julai 7, 1954. Wateremka Pugu wa leo ni wabeba mkaa wanaoondoka kabla ya adhana ya alfajiri, magunia yamewazidi urefu, huku wanaburuza kandambili chini kusaidia breki. Septemba 2025 tulikaa mbele ya televisheni kutazama Kigali ikiandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, tukawashangilia wanaume wanaopanda vilima kwa baiskeli nyepesi kama unyoya. Sawa, nami nilishangilia. Lakini yule wa mkaa anapanda kila siku ya Mungu na hakuna anayempa hata chupa ya maji. Tunampigia honi.

Dharau hii imetoka wapi? Nasema imeletwa na magari ya mtumba kutoka Japani. Kabla hayajajaa, baiskeli ilikuwa chombo cha mtu anayejiheshimu. Marehemu baba yangu alikuwa tarishi. Alikwenda kazini kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa klipu, viatu vinang'aa, na kwetu Gerezani watu walimwamkia shikamoo bila kumuuliza gari lake liko wapi. Siku hizi kijana akilipa kianzio cha gari la mkopo anaamini amenunua na barabara.

Na njia ile ya baiskeli haikudondoka kutoka mbinguni. Ilichorwa, ikapimwa, ikajengwa pamoja na barabara ya mwendokasi, mabasi yakaanza Mei 2016. Mwaka 2018 jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, mji wa kwanza wa Afrika kuipata, na katika sababu zilizotajwa ilikuwamo nafasi iliyotengwa kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Tulipiga makofi. Leo nenda ukaikague nafasi hiyo kutoka Magomeni mpaka Fire. Utakuta bodaboda zimepanga foleni, meza ya chaja za simu, rundo la kokoto, na gari jeupe. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa mji huu, wamelisema jambo hili miaka na miaka. Wanasikilizwa siku ya msafara wao, kesho yake njia inarudi kuwa maegesho.

Kuna watakaoniandikia, kama kawaida yao, kwamba mji wa kisasa hauhitaji baiskeli. Nawaomba waende Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi na gari lao. Wajaribu kupita. Kariakoo inakula kwa sababu ya magurudumu yanayosukumwa kwa nguvu za watu: mkokoteni, guta, baiskeli ya mayai. Wazisimamishe siku tatu tu, kisha watafute mahali pa kununulia chapati mayai.

Alhamisi sikuwa na safari ya Jangwani, lakini nilikwenda. Saa moja kasoro nilikuwa pale kwenye mpando, nimekaa juu ya ukingo wa barabara. Muuza mayai alitokea bondeni saa moja na dakika kumi. Keria ilikuwa na trei sita. Hakuwa amefunga mikanda mingi, mzigo wenyewe haukuihitaji. Tulisalimiana, nikamuuliza ya Goba, akasema mwenye mayai amempa hizo sita kwanza, azirudishe, halafu wataangalia.

Na gari jeupe lilikuwa palepale, taa zinawaka na kuzimika.

Safari hii nilikuwa nimeliwahi. Nilimtoa Bi Mkubwa kwenye ukuta, nikamweka mbele ya bampa, nikapiga stendi. Nikasimama upande wa barabara nimenyoosha mkono, magari yakapunguza, muuza mayai akapita na trei zake sita mpaka juu. Dereva akapiga honi. Akapiga tena, akashusha kioo, akaniambia nitoe baiskeli yangu njiani.

Nilimwambia iko kwenye njia yake.