Nani Aliyekufa Ulaya?

Mwishoni mwa mwaka wa masomo uliopita nilialikwa kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari, nikawekwa miongoni mwa waamuzi watatu wa maonyesho ya mavazi. Jukwaa lilikuwa ni meza za darasani zilizounganishwa na kutandikwa zulia jekundu. Vijana walipita juu yake mmoja mmoja, shingo zimenyooka, nyuso zimekazwa bila tabasamu, kama walivyowaona wanamitindo wa Paris na Milan wakifanya. Kila alipopita mmoja, mshereheshaji alinadi: "Huu ndio mtindo wa mwaka!" Kijana mmoja alivaa koti la sufu lenye kola ya manyoya. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Novemba linawaka, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Waamuzi tulimpa alama tisa kwa kumi.

Nilipokuwa nikiondoka nilimkuta msichana mmoja ameketi peke yake nyuma ya jengo la maabara, amevaa sare yake ya shule iliyopigwa pasi barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukupanda jukwaani pamoja na wenzako?"

"Sina nguo ya mwaka huu, mzee."

Maneno hayo sijayasahau. Hakusema kwamba hana nguo. Alisema hana nguo ya mwaka huu. Shule ile imezungukwa na mashamba ya pamba, na siku zile wakulima walikuwa wakiyatayarisha kwa msimu mpya. Ni nani basi aliyemfundisha mtoto aliyezaliwa kati ya mashamba ya pamba kwamba nguo hufa mwaka unapokwisha? Na mimi, niliyetoa alama tisa kwa koti la sufu, nilikuwa upande gani wa fundisho hilo? Ndiyo maana naandika.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1858, Mwingereza aitwaye Charles Frederick Worth alifungua nyumba ya ushonaji mjini Paris. Kwa desturi ya siku zile fundi wa nguo alikuwa mtumishi: mteja alieleza atakacho, fundi akashona. Worth aliigeuza desturi hiyo. Alibuni nguo kwanza kwa hiari yake, akawavika wasichana, akawapitisha mbele ya wateja ili wachague katika yale ambayo yeye alikwisha kuyachagua. Huo ndio mzizi wa maonyesho ya mavazi tunayoyajua leo.

Nguvu ya desturi hiyo ilidhihirika tarehe 12 Februari 1947, pale Christian Dior alipoonyesha mjini Paris sketi ndefu na pana, zilizokula yadi nyingi za kitambaa, wakati ambapo Waingereza walikuwa bado wanagawiwa nguo kwa vibali kwa sababu ya uhaba uliotokana na vita. Muda si muda, sketi fupi na nyembamba za wakati wa vita zikaonekana za kizamani. Hazikuwa zimechanika wala kuchuja. Zilitangaziwa kifo, na waliozivaa jana wakaanza kuzionea haya.

Leo mahakama hiyo huketi katika miji minne mikuu, yaani New York, London, Milan na Paris. Mwezi Februari na Machi huonyeshwa mavazi ya majira ya kupukutika majani na ya baridi. Septemba na Oktoba, mavazi ya majira ya kuchipua na ya joto. Kalenda hiyo ni ya haki kwao, kwa maana theluji ni yao. Lakini sisi majira yetu ni masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Anayefuata kalenda ya Paris akiwa Dodoma atavaa koti la sufu saa nane mchana, na waamuzi wasiofikiri watampa alama tisa.

Hata rangi nazo zina hukumu yake. Tangu karne hii ianze, kampuni moja ya Marekani iitwayo Pantone hutangaza rangi ya mwaka. Kwa mwaka 2024 ilichagua rangi ya tunda la pichi. Kwa mwaka 2025 ikachagua rangi iliyofanana na kahawa na chokoleti. Rangi hiyo sisi tunaiita kahawia, na kahawa yenyewe tunailima Kagera, Kilimanjaro na Mbinga. Je, ilikuwa mbaya kabla haijatangazwa? Na mwaka 2025 ulipokwisha, ubaya wake ukarudi?

Tena, ndugu msomaji, usidhani kwamba yale magauni ya ajabu ya jukwaani ndiyo mhimili wa biashara hiyo. Nyumba nyingi kubwa za mitindo hupata fedha zaidi kutokana na mikoba, viatu, miwani na manukato. Gauni ni ngoma ya kuitia watu. Duka liko kwenye mkoba. Katika mitindo ya mwaka 2007, nyumba ya Louis Vuitton ya Paris ilionyesha mikoba iliyofanana na ule mfuko wa nailoni wenye mirabaraba ambao sisi huuita shangazi kaja. Shangazi akishuka nao katika basi, vijana wetu humcheka na kumwita mshamba. Mwanamitindo akipita nao jukwaani, vijana wale wale husema ni mtindo. Kilichobadilika ni mkono ulioushika tu. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya uzuri wa mkakasi.

Biashara inayoishi kwa kuua nguo haina budi kuwa na makaburi. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba kampuni ya Burberry ya Uingereza ilikuwa imeteketeza, katika mwaka mmoja, bidhaa zilizozidi thamani ya pauni milioni 28, ili zisije zikauzwa kwa bei ya chini na kuliharibia jina. Lawama zilipozidi, mwaka huo huo kampuni ikaahidi kuacha. Lakini kaburi kubwa zaidi haliko Uingereza. Liko kwetu.

Watu wetu wa mitaani, ambao hawakosi jina la kukipa kitu, walizibatiza nguo za mitumba "kafa Ulaya". Ilidhaniwa kwamba mwenye nguo amefariki, ndipo nguo ikaja huku. Jina hilo lina ukweli mkubwa kuliko walivyodhani waliolitunga. Mwenye nguo yu hai, na leo yumo dukani ananunua nyingine. Iliyokufa ni nguo, nayo haikufa kwa uzee bali kwa hukumu.

Tazama basi safari yake. Pamba hulimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza. Sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa ghafi. Husokotwa, hufumwa na kushonwa mbali, mara nyingi na mikono ya wanawake wanaolipwa ujira mdogo. Na tusisahau kwamba tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lenye viwanda vya nguo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nguo huvaliwa miezi michache, hutangazwa kuwa imepitwa, hufungwa katika robota, na hurudi Afrika ikauzwa tena. Mkulima hupunjwa pamba inapoondoka, na hulipa inaporudi. Viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilijengwa ili kuikata safari hiyo. Milango ya biashara ilipofunguliwa wazi kuanzia katikati ya miaka ya 1980, viwanda vyetu vingi vya nguo vilidhoofika, na mengi ya mashine yake yakanyamaza.

Anayedhani kwamba mavazi ni mazungumzo ya wasichana tu, na akumbuke yaliyotokea hivi karibuni. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua hadi iishe mwaka 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma kwa kuhofia soko la Marekani. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikaondolewa haki ya kuuza mavazi huko bila ushuru. Kumbe hata nguo iliyokufa ina walinzi wenye nguvu!

Sisemi haya ili kuwatukana wanaouza au kuvaa mitumba. Shati nililovaa ninapoandika ni la mtumba. Ni zuri, na lilinifaa kwa bei. Mjane anayelea watoto kwa meza ya mitumba anafanya kazi ya halali kuliko wengi wanaomdharau. Lawama yangu ni kwa fikra, si kwa mfuko wa maskini.

Wala sisemi haya ili kumpa mtu yeyote kiboko. Naijua historia yetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, uliokusudia kuondoa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana mjini Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Nia ilikuwa kulinda utamaduni. Lakini katika mitaa ya mji baadhi ya wasichana walizomewa na kushambuliwa. Hata wakati ule walikuwako wasomaji wa magazeti waliouliza swali ambalo halikupata jibu: ikiwa sketi fupi ni ya kigeni, suti na tai ya mwanamume ni ya wapi? Miaka hiyo hiyo Wamaasai waliamriwa waache mavazi yao na kuvaa suruali, eti ndiyo maendeleo. Mwaka 2011 Louis Vuitton ikapitisha mirabaraba ya shuka lile jukwaani Paris, katika mavazi ya kiume ya mwaka 2012, nasi tukashangilia. Anayemchapa binti kwa sababu ya sketi na anayemcheka kwa kukosa sketi mpya ni ndugu wawili. Wote wawili wanaamini kwamba mwili wa binti ni ubao wa kuandikia amri za watu wengine.

Wapo watakaoniambia: mzee, kupenda vitu vipya ni tabia ya binadamu. Nakubali, na shahidi wangu ni kanga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, wakaziunganisha sita kuwa vazi moja, na wafanyabiashara wakaona ni faida kuagiza kitambaa kizima. Mtumwa alivishwa merikani au kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wengi waliopata uhuru waliiacha kaniki wakajitanda kanga, ili mtaa mzima ujue kwamba wao sasa ni watu wenye nafsi zao. Nao walipenda mitindo! Kanga mpya zilipoingia dukani zilikimbiliwa, na za zamani zikakosa wanunuzi.

Tofauti ni mbili. Kwanza, kauli ilikuwa ya mvaaji. Mfanyabiashara wa pwani alisikiliza wanawake wanataka nini, akapeleka michoro ng'ambo, na mitambo ya Uholanzi na Uingereza ikachapa pindo, mji na jina kama ilivyoagizwa. Mashine zilikuwa za Ulaya, lakini amri ilitoka kwa mwanamke wa Ng'ambo ya Unguja. Na jina lile ni usemi: mvaaji humjibu jirani, humpongeza mwari, humwonya mume, bila kufungua kinywa. Mimi niliyezoea kuhesabu mizani nakiri kwamba tungo nyingi zilizonifunza kusema mengi kwa machache nilizisoma migongoni mwa mama zetu.

Pili, kanga haifi. Ikiwa mpya huvaliwa harusini. Ikizoeleka huvaliwa nyumbani. Ikilainika huwa mbeleko na kumbeba mtoto. Ikichakaa huwa nepi, kisha tambara la kushikia sufuria. Hubadilishiwa kazi, kama binadamu anavyopita kutoka ujana hadi uzee bila kuondolewa katika ukoo.

Kwa hiyo silipingi jukwaa. Tangu mwaka 2008 Dar es Salaam ina maonyesho yake ya Swahili Fashion Week, ambapo wabunifu wetu huonyesha kazi za mikono yao, na hilo ni jema maadamu wasigeuke kuwa wapiga mbiu wa mahakama ya ugenini. Ninachowaomba walimu ni hiki. Mnapoandaa maonyesho ya mavazi shuleni, mwamuzi asiulize kama nguo ni ya mwaka huu. Amwulize mwanafunzi maswali matatu: Kitambaa hiki kimetoka wapi? Nani amekishona, naye alilipwa nini? Na nguo hii itavaliwa hadi lini, kisha itakuwa nini? Atakayejibu vizuri apewe alama, awe amevaa hariri, kitenge, mtumba alioutengeneza upya kwa cherehani, au kanga ya bibi yake. Maswali hayo matatu yana ndani yake jiografia, uchumi, historia na maadili.

Nanyi wanafunzi, vaeni mpendeze. Ujana hauji mara mbili. Ila msikubali kuambiwa na mtu asiyewajua, anayeishi katika majira yasiyo yenu, kwamba kilichowasitiri jana leo kinawaaibisha.

Na yule binti wa nyuma ya maabara, kama kitabu hiki kitamfikia, ajue kwamba waamuzi tulikosea siku ile. Sare yake ilikuwa ya pamba, ilikuwa safi, na ilikuwa imemfikisha kidato cha nne. Angepanda jukwaani nayo, na mimi ningekuwa na akili niliyo nayo leo, ningempa kumi.