"Ndivyo tunavyofanya hapa" sio jibu

Nipo likizo nyumbani Tunduma, malori ya kwenda Zambia yamejipanga kama kawaida. Leo nina dukuduku la darasani, manesi wenzangu wa digrii mtanielewa.

Tunafundishwa uuguzi unaozingatia ushahidi. Kwa lugha nyepesi: unachomfanyia mgonjwa kitokane na utafiti mzuri, uzoefu wa kazi na matakwa ya mgonjwa mwenyewe, vyote vitatu. Safi. Ila tunavyofundishwa sasa! Slaidi kibao, fasili za kukariri, mtihani, kwisha. Tukienda fildi ukauliza, "Sista, kwa nini tunafanya hivi?" unajibiwa, "Ndivyo tunavyofanya hapa."

Jamani, jibu hilo linaweza kuua. Chukueni utafiti wa FEAST, uliofanyika kwetu Afrika Mashariki: Kilifi kule Kenya, hospitali nne za Uganda, na Teule ya Muheza, Tanga. Walikuwa watoto 3,141 wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri, wengi wakiwa na malaria. Miaka na miaka vitabu vilisema mtoto wa hivyo ajazwe maji ya dripu harakaharaka. Matokeo yakatoka 2011: kati ya kila watoto 100 waliojazwa maji haraka, 10.5 hivi walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiojazwa, 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Sasa jiulizeni, daktari akishaandika, dripu anaifungulia nani? Si sisi?

Lakini kuna kitu kingine, na hapa ndo mwalimu anahitajika. Watoto wanaoharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwenye ule utafiti. Mwanafunzi akishika kichwa cha habari tu, kwamba "dripu ya haraka inaua", halafu akaletewa mtoto wa kipindupindu aliyekauka maji, atamwacha afe huku anajiona msomi. Sisi wa mpakani hatuna haja ya kuhadithiwa: mlipuko mkubwa wa kipindupindu Zambia wa 2023 hadi 2024 ulikuwa kwa jirani tu. Kwa hiyo swali la kwanza sio "utafiti unasemaje?", ni "ulifanywa kwa wagonjwa gani, na huyu wangu ni mmoja wao?"

Swali hilo halifundishiki kwa slaidi. Mimi naona tuanze mwaka wa kwanza, wodini. Kila wiki ya fildi swali moja lililotoka kitandani, makala moja, dakika ishirini, mwalimu na sista wa wodi wote wakae.

Najua mtasema manesi ni wachache, wodi imejaa, sista atapata wapi muda? Kweli kabisa, na simlaumu. Ndo maana kazi ya kutafuta na kusoma tuifanye sisi wanafunzi, yeye alete uzoefu wake. Majarida je? HINARI ya Shirika la Afya Duniani ipo tangu 2002 kwa ajili ya vyuo vya nchi kama yetu, ulizeni maktaba zenu.

Tukihitimu bila zoea hilo, miaka mitano baadaye mwanafunzi atatuuliza "kwa nini?" na sisi tutamjibu vilevile. Nawasilisha.