HUYO "MWANAUME WA MARA" MNAYEMSHANGILIA HAIKUMBUKI HATA MECHI YENYEWE

Wadau wangu wa Musoma, Bunda na Butiama, na nyie mlioko Dar mnaojifanya mmesahau nyumbani, leo sina umbea. Leo nachana laivu, na wa kwanza kuchanwa ni mimi mwenyewe.

Mnaikumbuka ile klipu ya ndondo ya Bunda? Beki anaruka na mshambuliaji, vichwa vinagongana, kishindo unakisikia mpaka kwenye simu. Beki anadondoka kama gunia la mihogo. Kimya. Anakuja jamaa na ndoo ya maji, anammwagia kichwani, anampiga vibao viwili vya shavu, anamvuta mkono, huyo kasimama. Anayumba kama katoka kilabuni, uwanja mzima unapiga mayowe, mpira unaendelea. Dakika za mwisho anaokoa mpira kwenye mstari wa goli, timu inaingia nusu fainali, anabebwa juu juu.

Ile klipu niliiposti mimi. Nikaandika, "Huyu ndo mwanaume wa Mara, siyo nyie mnaolia mkichomwa sindano." Mkacheka, mkashea kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Kwa ukurasa mdogo kama huu, siku ile kwangu ilikuwa sikukuu.

Siku ya tatu nikakuta meseji inboksi. Ni dada yake yule beki. "Kaka samahani, naomba uitoe hiyo video. Huyo mdogo wangu unayemsifia haikumbuki hiyo mechi."

Nikampigia. Dogo anaendesha bodaboda. Jioni ya mechi alitapika mara mbili. Kesho yake kapakia abiria, njiani kasimama, kamgeukia, kamuuliza, "Hivi tunaenda wapi?" Mwanga wa simu unamuumiza macho. Anauliza swali lile lile mara tatu, unamjibu, anauliza tena. Halafu sikieni hii: Jumamosi ni nusu fainali, na mheshimiwa mmoja anayeidhamini timu, jina nalihifadhi, kamtumia hela ya mafuta na ujumbe, "Mura, kaza. Hicho ni kichwa tu."

Kichwa tu! Yaani angevunjika mguu wangemwonea huruma maana mguu unaonekana umepinda. Kichwa kikiumia ndani hakivuji, hakivimbi, basi tunasema yuko fiti.

Nilimfuata muuguzi mmoja ninayemfahamu nikamuonyesha klipu. Hakucheka hata kidogo. Akaniambia ule ni mtikisiko wa ubongo. Ubongo umekaa ndani ya fuvu, ukigongwa kwa nguvu unatikisika kule ndani. Kutapika, kizunguzungu, kusahau, kuchukia mwanga, kuuliza swali moja mara kumi, zote hizo ni dalili. Na si lazima mtu azimie ndo ujue kaumia. Kibaya zaidi ni pigo la pili. Akigongwa tena kabla hajapona, ubongo unaweza kuvimba ghafla na akafa. Kijana mzima, mwenye pumzi zake, anafia uwanjani mbele ya watu wanaorekodi.

Sasa twendeni Marekani kidogo, msikimbie. Kuna mchezo wao wanauita futiboli na muda mwingi mpira uko mikononi. Wengi wenu mnausubiri mara moja kwa mwaka, tena kwa ajili ya shoo ya mapumziko tu, mwaka 2023 Rihanna, mwaka 2025 Kendrick. Wale wanaume wenye mabega kama kabati wanagongana vichwa kwa kazi, na wanavaa helmeti. Mwaka 2002 mmoja wao, Mike Webster, alifariki akiwa na miaka 50. Alikuwa bingwa wa Super Bowl mara 4, lakini mwishoni alikuwa anapotea akili na analala kwenye gari lake. Aliyeufungua ubongo wake na kuona kulikoni ni daktari Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria. Will Smith aliigiza maisha yake kwenye filamu ya mwaka 2015 iitwayo Concussion, itafuteni.

Omalu alikuta ubongo umeharibika kwa sababu ya kugongwa na kugongwa na kugongwa, miaka nenda rudi. Wakubwa wa ligi ya NFL walimfanyia nini? Walimpinga. Walisema kakosea. Wachezaji wa zamani zaidi ya 4,500 wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 ligi ikakubali kutoa dola milioni 765. Baadaye hata kile kikomo kikaondolewa. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitoa matokeo ya ubongo wa wachezaji 111 wa NFL waliofariki, na 110 walikuwa na ugonjwa ule. Ni kweli familia nyingi zilitoa ubongo kwa sababu zilishaona dalili, kwa hiyo haina maana kila mchezaji anao. Lakini 110 kati ya 111, jamani!

Nasimulia haya kwa sababu yule bosi wa kule na mheshimiwa wetu wa Bunda ni ndugu wa tumbo moja. Wote wanauza maumivu ya mtu mwingine, wote wanasema "ni kichwa tu" wakati kichwa siyo chao. Tofauti ni kwamba yule wa Marekani aliburuzwa mahakamani akalipa mamilioni. Wa kwetu akitoa hela ya mafuta anapigiwa vigelegele.

Najua mtakachokomenti. "Mkurya haogopi maumivu." "Wewe umelelewa na chipsi." Haya, tuongee kimila basi. Jandoni kijana hatikisi hata kope, sawa. Lakini akishatoka kwa ngariba, anafanywa nini? Anapewa shoka akakate kuni? Anapelekwa kupigana? Hapana. Anakaa, anapikiwa, anaangaliwa wiki kadhaa mpaka kidonda kikauke. Wazee wetu walijua kukaza ni kwa dakika, kupona ni kwa wiki. Sisi tumechukua kukaza tukatupa kupona, halafu tunajiita wanaume wa Mara.

Wengine mtasema, "Acha uoga, mpira haujawahi kuua mtu." Desemba 2016, pale Kaitaba, Bukoba, ng'ambo tu ya ziwa letu, mshambuliaji wa timu ya vijana ya Mbao FC alifunga goli, akagongana na mpinzani, akadondoka, akafariki. Ile ilikuwa mechi ya ligi ya vijana, uwanja unaojulikana, siyo chandimu la mtaani kwenu.

Januari 2, 2023, kwenye ile ile NFL, Damar Hamlin wa Buffalo alipigwa kifuani, moyo ukasimama. Palepale kwenye nyasi wakamkandamiza kifua, wakamshtua moyo kwa mashine, akapona, na msimu uliofuata akarudi uwanjani. Na Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo, alidondoka London Machi 2012 na moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Leo yuko hai. Hawa hawakupona kwa sababu wamekaza kuliko sisi. Walipona kwa sababu kulikuwa na watu waliofundishwa, vifaa na gari. Sisi tuna ndoo ya maji, dawa ya kupuliza na bodaboda ya kumpakia mgonjwa katikati ya watu wawili shingo ikiningʼinia.

Na msiniambie hela hakuna. Bingwa wa ile ndondo anapewa ng'ombe. Mshindi wa pili mbuzi. Spika za muziki zinakodiwa, MC analipwa, jezi zina jina la mheshimiwa mgongoni kubwa kuliko namba. Hela ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kichwa cha dogo kina thamani kuliko huyo mbuzi.

Kwa hiyo waandaaji wote wa ndondo, kuanzia Nyasho na Bweri mpaka Bunda na Butiama, sikilizeni. Moja, mchezaji akigongwa kichwa anatoka, na siku hiyo harudi, hata awe ndo tegemeo. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani unasema asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21. Siku 21, nyie mnataka Jumamosi hii! Mbili, gari likae uwanjani kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, lenye nafasi ya mtu kulala. Tatu, awepo mtu mmoja aliyesomea huduma ya kwanza, siyo shabiki mwenye ndoo. Nne, refa apewe ubavu wa kumtoa mtu hata mdhamini akinuna. Hivi vyote haviwashindi nyie mnaonunua ng'ombe.

Na wewe mheshimiwa, najua unasoma, vijana wako wanakuonyesha kila ninachoandika. Kama ni kichwa tu, Jumamosi vaa jezi uruke wewe.

Klipu nimeshaifuta. Najua ipo kwenye simu zenu, basi acheni kuishea. Dada yake amesema wamempeleka hospitali na ameambiwa apumzike, asiendeshe pikipiki wala asicheze. Hofu yake ni kwamba dogo mwenyewe anataka kucheza, maana nyie na mimi tumemwambia yeye ni shujaa. Hapo ndo nilipokosa usingizi.

Kwa hiyo Jumamosi, wewe unayekwenda uwanjani, ukimuona anapasha mwili, usipige makofi. Piga kelele atoke. Mwite jina lake kabisa, mwambie kaa chini mwanetu, tutakushangilia ukipona.

Haya, matusi na povu lenu nayasubiri hapo chini kwenye maoni. Ila kabla hujaandika "kaza", andika kwanza kama ungemwandikia hivyo mdogo wako wa damu.