TREKTA LETU LA NYASI LISIUZWE KWA KILO

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu ufa wenyewe ni nati sita tu.

Nyote mnalijua lile trekta dogo la kukata nyasi lililoegeshwa nyuma ya maabara. Lilitoka kwenye nyumba ya meneja wa shamba moja la chai, na sasa kuku wa jirani wanataga chini yake. Katika mkutano wa wazazi muhula uliopita ilisemwa eti limekwisha, liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, halafu kila mzazi achange tununue jipya. Nilikuwa nikigawa soda, nikasikia. Nilishikwa na uchungu, kwa sababu mamangu huchuma chai na najua atajaza vikapu vingapi ndipo apate mchango huo.

Je, kweli limekwisha? La hasha! Ukiazima betri injini inawaka. Kilichoharibika ni lile bamba pana la chuma chini ya tumbo la trekta, ambalo visu huzunguka ndani yake. Bolti zinazolining'iniza zimeliwa na kutu, bamba likainama upande mmoja, visu vikaanza kulima badala ya kukata nyasi.

Kidato cha kwanza tulitia misumari katika maji, tukaambiwa chuma kikipata maji na hewa hushika kutu. Tukaandika, tukapata alama. Kumbe nje ya dirisha la maabara hiyo hiyo kulikuwa na somo zima likioza! Kericho hupata mvua zaidi ya milimita 1,400 kwa mwaka, na nyasi mbichi zikigandamana chini ya bamba bila kukwanguliwa, chuma hakikauki kamwe. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana nati hujibana hivi kwamba spana inateleza na kukuchubua vidole. Mimi nina alama.

Kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa kilimo, mimi na wenzangu wawili tulimwendea mzee mmoja fundi wa jua kali hapa Sosiot. Alitucheka kwanza. Kisha akasema, "Vijana, kutu haitaki nguvu, inataka subira." Ondoeni waya wa plagi kabla hamjatia mkono karibu na visu. Sugueni kwa brashi ya waya, pakeni oili nyepesi, ngojeni hadi kesho, gongeni polepole, pakeni tena. Ikikataa kabisa, nati ipashwe moto itanuke, mbali na petroli, na afanye yeye mwenyewe si nyinyi.

Jambo lililonishangaza ni hili. Trekta hilo ni la Marekani, na bolti zake ni za inchi. Ile ya inchi 3/8 ina karibu milimita 9.5, na dukani utapewa ya milimita 10. Kwa macho ni pacha, lakini ukiilazimisha unaharibu meno ya tundu. Basi beba ile ya zamani mfukoni ukailinganishe. Na utafute iliyopakwa zinki, kama mabati ya paa, la sivyo mwakani tutarudi pale pale.

Wako watakaoniuliza, nani atafyeka kama adhabu mashine ikipona? Wengine watanikumbusha kwamba Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho kwa kuwanyima watu kazi. Hao wa chai nawaelewa sana, nyumbani tunakula kwa kazi hiyo. Lakini hapa shuleni hakuna anayelipwa kufyeka. Tunafyeka sisi, Ijumaa alasiri, na muhula huu fyekeo lilimchana mwenzetu wa kidato cha pili mguuni. Adhabu ikiwa lazima, mtu apewe brashi ya waya!

Naomba Mwalimu Mkuu na wazazi wasimame kidogo kabla ya kuuza. Bolti mpya, nati zake na grisi hazifiki shilingi elfu mbili, nimeuliza bei. Kati ya zile sita, nne tumekwisha kuzitoa. Moja imevunjikia ndani, nayo tumemwachia fundi. Ya mwisho tumeipaka oili tangu Jumatatu, na mwalimu wa zamu akiturusu, tutaijaribu tena Ijumaa.