Koni ya Wanafunzi na Sauti ya Mzee

Nyumbani kwetu karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, kuna kaseti ambayo watoto walikatazwa kuigusa. Ndani yake marehemu baba anapiga nyatiti na kumtaja kila mwanawe kwa jina. Utepe ulipoanza kulika, fundi mmoja alituhamishia sauti hiyo kwenye kompyuta. Tulipoifungua nyumbani, kompyuta ilikataa. Haikuitambua faili ya aina hiyo. Mama akauliza, “Sasa mmempoteza mara ya pili?”

“Dani, subiri kidogo,” mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alimwambia. Akaweka programu ya VLC, ile yenye picha ya koni ya barabarani. Mara nyatiti ikalia, na mama akalia nayo.

VLC ilianzia kwa wanafunzi. Mwaka 1996 vijana wa chuo cha École Centrale, Paris, walitaka mtandao wenye kasi zaidi chuoni, wakabuni namna ya kupitisha televisheni ndani yake. Picha ya koni ilitokana na koni halisi ambazo wanafunzi walikuwa wakizikusanya. Mwaka 1997 kijana wa Marekani, Justin Frankel, alitoa Winamp, iliyovuma kwa nyimbo za MP3. Kufikia 1999 kampuni yake ilikuwa imenunuliwa na AOL. Wale wa Paris walifuata njia nyingine. Mwaka 2001 programu yao iliachiliwa kwa umma: yeyote aitumie bure, aone ilivyoundwa na airekebishe.

Siri yake ni gani? Kila aina ya faili huhifadhi sauti kwa lugha yake. VLC hubeba ndani yake wakalimani wa lugha nyingi, kwa hivyo hukulazimu kwenda kutafuta mwingine.

Kwetu ziwani jambo hili lina uzito. D.O. Misiani wa Shirati Jazz alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, lakini benga yake ilibaki kwenye santuri na kaseti nyingi. Baba yangu hakurekodi santuri. Kaseti yake ni moja tu.

Basi ukimpelekea fundi kaseti ya jamaa yako, isikilize pale pale kabla ya kulipa. Omba nakala mbili, moja ikae kwa ndugu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini utepe huoza.