Ngoma Haisomwi kwa Macho

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi na kusafiri kwingi ni kujua mengi. Hata hivyo, naomba niongeze langu dogo: si kila asafiriye hujua. Wapo waendao mbali wakarudi na picha tu mfukoni. Na wapo, kama sisi wa hapa Lodwar, ambao hawajaenda hata kwa jirani na bado wanajifanya wanamjua.

Nianze na aibu yetu wenyewe. Mwaka jana, siku ya utamaduni hapa shuleni, sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulicheza ati ngoma ya Warundi. Tuliitazama mara tatu nne hivi kwenye simu, tukatafuta mitungi ya maji ya lita ishirini, tukakata fimbo za mwarobaini na kujifunga mashuka. Mnakumbuka jinsi ukumbi ulivyolipuka! Tuliruka, tukagonga, tukatoa macho, na kila tulipokosea watu walizidi kucheka na kupiga makofi. Mimi nilikuwa katikati, nikijiona shujaa.

Katika vicheko hivyo, msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliinuka akatoka. Wazazi wake ni Warundi na yeye alizaliwa Kakuma. Nilimkuta baadaye nyuma ya bweni. Hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, "Dada, kwetu hiyo si kitu cha kuchekesha watu." Jamani, maneno hayo yalinichoma kuliko fimbo. Nilijaribu kujitetea, eti tulikuwa tunawasifu. Akaniuliza, "Mliuliza nani?" Sikuwa na jibu.

Likizo ilipofika niliomba ruhusa nyumbani niende kwa mjomba wangu Kakuma mjini. Ni kilomita mia moja na ishirini hivi kutoka hapa, na siku hizi barabara ni lami. Si mbali. Wengi wetu tumepita hapo tukielekea Lokichoggio, tukaiona kambi kupitia dirisha la gari. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makao ya Kalobeyei, ina watu wapatao laki tatu kutoka nchi zaidi ya ishirini. Laki tatu! Na sisi tunaowajua kwa majina hawafiki watano.

Mke wa mjomba huuza kuni na makaa kambini, kwa hiyo anajuana na watu wengi. Ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja Mrundi anayefunza vijana ngoma. Nilidhani nitafika asubuhi, nionyeshwe, na jioni nirudi nikiwa fundi. La hasha! Siku ya kwanza nilikaa chini nikatazama. Siku ya pili nikatumwa maji. Siku ya tatu nikaambiwa nipige makofi, makofi tu, hadi viganja vikawaka moto. Nilipouliza lini nitacheza, mzee alicheka akasema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura kwamba mwili wangu ulikuwa bado unasikia mlio mmoja, na ngoma ina milio mitatu.

Nikatega sikio upya. Kumbe ni kweli! Ngoma hupangwa nusu duara na moja hukaa katikati. Hiyo ya katikati huitwa inkiranya, nayo ndiyo inayoongoza. Zipo ziitwazo amashakwe, ambazo hushikilia mdundo mmoja bila kuchoka, na zipo ibishikizo, ambazo humfuata kiongozi anakokwenda. Idadi yake daima huwa si shufwa. Kila ngoma huchongwa kutokana na gogo zima, ikawambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Kwao wana mti wake maalumu uitwao umuvugangoma, yaani mti wenye kuifanya ngoma iseme. Mzee alisikitika kwamba hapa Turkana mti huo haupo, hivyo wanatumia magogo wanayopata. Na sisi tulileta mitungi ya plastiki!

Ila jambo lililonifunga mdomo kabisa ni hili. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma, na pia lina maana ya ufalme. Zamani ngoma hizo hazikupigwa ovyo. Zilikuwa za mwami, na zilisikika katika mambo makubwa kama sherehe ya umuganuro, ya kufungua msimu wa kupanda mtama. Ufalme wenyewe uliondolewa mwaka 1966, lakini ngoma zikabaki, na mwaka 2014 UNESCO iliziandikisha miongoni mwa urithi wa binadamu wote. Basi fikiri, msomaji: mtu amepoteza nchi, nyumba na shamba, akabaki na ngoma. Halafu wewe unaigonga kwenye mtungi ili watu wacheke. Angeachaje kutoka ukumbini?

Sasa mtaniuliza, je, ulipiga? Sikupiga. Mzee alinieleza wazi kwamba kwa desturi yao wanaopiga ni wanaume. Na si desturi tu. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri ya kuwakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Mimi ni msichana na nilikasirika, sifichi. Nilimwambia, "Mzee, hilo si haki." Hakukasirika. Alisema wapo hata Warundi wanaosema hivyo, kisha akaniita kwa mkewe. Mama huyo alinifunza ngoma ya wanawake kwa siku nne, akinishika mabega na kuyanyoosha kila nilipoyakunja. Sijabadili mawazo yangu. Naamini siku moja msichana atapiga inkiranya bila kuulizwa. Lakini nimejifunza kwamba ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho kwanza, uone wanavyoona wao, kisha ndipo ulifumbue mbishane. Mtu anayebisha kabla ya kukaa ni mpayukaji tu.

Jambo la pili lilinipata nilipokuwa narudi kwa mjomba jioni moja. Tulipita penye Wadinka wakicheza. Mwanamume mmoja aliinua mikono yake juu, akaipinda kama pembe, akaimba huku akiruka. Nilisimama nikaganda. Hivyo ndivyo marehemu babu yangu alivyokuwa akifanya katika edonga, akimwimbia maksai wake ambaye pembe zake zilipindwa kwa kazi ya mikono na ambaye jina lake babu alilibeba hadi kaburini! Niliuliza, nikaambiwa kwamba huyo Mdinka naye anaimba habari za ng'ombe wake, na kwamba naye ana jina litokanalo na rangi ya ng'ombe. Baadaye mwalimu wetu alinieleza kwamba Francis Mading Deng, mwenyewe Mdinka, alichapisha mwaka 1973 kitabu kizima juu ya Wadinka na nyimbo zao. Na sisi? Nani hapa shuleni anajua wimbo wa maksai wa babu yake? Mimi sikuujua. Ilibidi Mdinka anikumbushe kwamba nina babu.

Niliporudi Lodwar nilikwenda kwa nyanya nikamwomba anifunze edonga. Alicheka sana. Alisema ile tunayoicheza kwenye mashindano ni mazoezi ya viungo, tunaruka kama panzi bila kusikilizana. Edonga haina ngoma ya kupigwa. Ngoma yake ni miguu, makofi na sauti, kwa hiyo usipomsikia mwenzako umeharibu. Maneno yale yale ya mzee Mrundi!

Haya si mambo ya Turkana peke yake. Afrika Magharibi wamekwisha kuyajua zamani. Mwaka 1952 Fodéba Keïta wa Guinea alianzisha kule Paris kundi la Les Ballets Africains, na baada ya uhuru wa 1958 likawa kundi la taifa. Dunia ikaipenda ngoma ya jembe, ile ya ngozi ya mbuzi inayopigwa kwa viganja. Mpigaji mashuhuri Mamady Keïta, aliyezaliwa kijiji cha Balandugu na kufariki mwaka 2021, alifungua shule Brussels mwaka 1991, na vilevile aliwarudisha wanafunzi wake Guinea wakaone ngoma inakotoka. Kule Ghana, katika kijiji cha Kopeyia, Godwin Agbeli alianzisha kituo mwaka 1982, na wageni huenda kukaa hapo na kujifunza ngoma za Waewe. Wazungu, Wamarekani na Wajapani huvuka bahari, wakalala kijijini, wakala chakula cha kijijini na kuumwa na mbu ili wajue kupiga vizuri. Hata jirani zetu Tanzania wana Chuo cha Sanaa Bagamoyo tangu 1981, ambako ngoma husomwa kama tunavyosoma hesabu.

Mtu anatoka Japani kwenda Guinea. Sisi tumeshindwa kutoka Lodwar kwenda Kakuma!

Basi haya ndiyo maoni yangu, nayaleta mbele ya walimu na wanachama wenzangu. Kila mwaka chama hupanga safari moja. Hufika Nairobi, tukaketi saa mbili mbele ya jukwaa, tukanunua soda, tukarudi tukiwa na usingizi. Sina ubaya na Nairobi. Lakini kwa nauli hiyo hiyo tungekaa Kakuma juma zima. Tulale mjini kwa wenyeji wetu, na mchana tuingie kambini kwa ruhusa, tugawanyike kwa walimu wa ngoma: wengine kwa Warundi, wengine kwa Wadinka, wengine kwa Wakongo. Tusiende mikono mitupu. Mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulipunguzwa sana, na mzee aliniambia kwamba mwenye njaa hapigi ngoma muda mrefu. Walimu wa Guinea na Ghana hulipwa na wanafunzi wao. Wa Kakuma je, wafunze bure kwa sababu ni wakimbizi? Tubebe unga, maharagwe na sukari, na tulipe ada ya kujifunza hata kama ni ndogo.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wa kwanza atasema hakuna usalama, kwamba wenyeji na wakimbizi hugombana. Kweli, hugombana juu ya kuni, maji na mifugo, na wengine wameumia. Sipuuzi jambo hilo. Lakini wanaogombana ni watu wasiojuana. Mke wa mjomba anajuana nao, naye hupita humo na kuni zake kichwani.

Wa pili atasema sisi Waturkana tuna utamaduni wetu, tuanze na wetu. Swadakta! Ila mimi nimeanza na wa jirani ndipo nikaukuta wangu. Tobong'u Lore, tamasha letu kubwa hapa Lodwar, maana yake ni rudini nyumbani. Nani hurudi nyumbani kama hajatoka?

Wa tatu atauliza, mbona wao wasije kwetu? Hapo ndipo pananiuma. Mkimbizi kwa kawaida hawezi kutoka kambini kusafiri hadi apate kibali. Serikali ilizindua Mpango wa Shirika mwaka 2025 ili makambi yageuke makazi ya kuishi pamoja na wenyeji, na mimi naomba mpango huo utimie. Lakini kwa sasa sisi ndio tulio na miguu huru. Barabara ni moja, na anayeweza kuipita bila kuuliza mtu ni sisi. Tusipokwenda, hatutakutana.

Mwisho, naomba jambo dogo ambalo halihitaji nauli. Yule msichana wa kidato cha kwanza, sasa yuko cha pili. Nilimwomba msamaha nilipotoka Kakuma, nikamwonyesha hatua nilizofunzwa. Alinisahihisha mabega, sawasawa na yule mama! Namtaka awe mwalimu wetu wa ngoma siku ya utamaduni ijayo, na mimi nitakuwa mwanafunzi wake. Ile mitungi tuirudishe jikoni ilikotoka, maana huko inahitajika zaidi.

Kiswahili chetu kimebarikiwa. Ngoma ni chombo, ngoma ni mchezo, na ngoma ni mkutano wa watu. Tulichukua chombo, na chenyewe cha plastiki, tukawaacha watu. Twendeni tukawachukue watu. Nawasilisha.

Mwanachama, Kidato cha Tatu