DHIKRI NA UTULIVU WA MOYO

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).



Hapa Mombo kelele hazikauki. Mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanapita, wapiga debe wanaita abiria wa Soni na Lushoto, na simu haitoki mkononi. Mwanafunzi akiongezewa mtihani wa kidato cha nne na shida za nyumbani, anapata msongo wa mawazo. Usingizi unapaa, na ukurasa mmoja anausoma mara tatu bila kukaa kichwani.

Siku hizi watu wengi wanashauriwa kufanya tafakuri, yaani kukaa kimya, kupumua taratibu na kurudia neno moja. Daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuwa mtu akirudia neno au dua kwa utulivu, pumzi na mapigo ya moyo hupungua kasi. Mwaka 2014 watafiti wa huko huko Marekani walipitia majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500. Waliona tafakuri inapunguza wasiwasi na huzuni kwa kiasi, lakini hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa inaleta furaha.

Sisi tumefundishwa tangu utotoni: baada ya sala, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33. Lakini imamu akishatoa salamu, tunagombania viatu mlangoni. Hata anayebaki, ulimi wake unahesabu na moyo wake uko sokoni. Dhikri ya namna hiyo itamtuliza nani?

Tena Muislamu hamkumbuki Mola wake ili apate raha. Anafanya ibada, na utulivu wa nyoyo unaotajwa katika Suratur-Ra'd, aya ya 28, ni neema ya Allah. Kwa hiyo hata siku ambayo furaha haikuja, hakupata hasara.

Hata hivyo tunalo kosa moja kubwa. Mtoto akilalamika kuwa amelemewa, tunamwambia imani yake ni ndogo, azidishe uradi. Imam al-Ghazali, mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, alipatwa na dhiki ya moyo hadi ulimi ukafungika, akashindwa kufundisha. Je, naye tutasema hakuwa na imani? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa. Katika wilaya yetu hii ya Korogwe ipo Hospitali ya Lutindi, inayohudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kumpeleka mgonjwa kwa daktari si aibu, wala hakupingani na dhikri. Na anayekabiliwa na mtihani, baada ya uradi afungue daftari.

Nashauri hivi: kila baada ya Maghribi, tukae dakika tano. Simu izimwe, tutamke taratibu, na tujue tunachokisema. Na wewe mzazi, mwanao akikwambia amechoka moyo, msikilize kwanza kabla ya kumhukumu. Huenda alikuwa akitafuta siku nyingi mtu wa kumwambia.

Allah azitulize nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.